Corolla 110 inagonga "tik tik" kwenye sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta): naomba ushauri kabla sijanunua injini nyingine

Mkazi wa Segerea (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, salaam. Ninaomba mawazo yenu kabla sijatoa fedha ambayo itanichukua muda mrefu kuirudisha.

Nina Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998 yenye injini ya 5A-FE, lita 1.5. Nimekuwa nalo kwa miaka tisa, ndilo linalonipeleka kazini Posta, katikati ya Dar es Salaam, kila siku na kuwarudisha watoto kutoka shuleni. Mita inasoma kilomita 214,000, na kwa kuwa liliagizwa Japani likiwa limeshatumika, hesabu hiyo ndiyo ninayoiamini kwa kiasi fulani tu. Oili ninabadilisha kila kilomita 5,000 bila kuruka.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa kwenye foleni ya Buguruni, kioo kimeshushwa, nimesimama sambamba na lori. Nikasikia sauti ikirudi kutoka kwenye ubavu wa lori: tik-tik-tik, nyembamba na kavu, kama mtu anayegonga kucha juu ya sufuria tupu. Lori lilipoondoka sauti ilififia, nikadhani ni ya lori. Nilipofika nyumbani na kuingia getini, ukuta wa uzio ukanirudishia sauti ileile, na hapo ndipo nilipojua kwamba ni gari langu.

Nimeshapita kwa mafundi watatu. Wa kwanza alisema injini imekwisha na kwamba anaweza kunitafutia ya mtumba kwa shilingi milioni 1.4 pamoja na kufunga. Wa pili alisema niweke oili nzito na dawa ya kopo. Wa tatu alitaka kushusha sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, siku ileile. Wote walisikiliza wakiwa wameinama juu ya boneti kwa muda usiofika dakika moja, na hakuna aliyechomoa hata kijiti cha kupimia oili. Nguvu ya gari haijapungua, moshi hakuna, taa ya oili inazima mara tu injini inapowaka. Je, nianzie wapi?

Fundi wa Shauri Moyo

Mkuu, pole, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kununua. Majibu matatu uliyopewa yanahusu magonjwa matatu tofauti, na bila kupima hakuna anayeweza kujua lipi ni lako. Sauti ya kugonga katika injini ya zamani inaweza kutoka kwenye tapeti (vikombe vinavyosukuma valvu, yaani milango ya hewa na moshi) zilizopata uwazi mkubwa, kwenye gasketi inayovuja ya manifodi ya ekzosi (bomba linalopokea moshi kutoka kwenye silinda), kwenye plagi isiyokazwa, kwenye nozeli za mafuta ambazo kwa asili yake hutoa sauti, kwenye pistoni inayocheza ndani ya silinda, au kwenye beringi za konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki shafti), na hiyo ya mwisho ndiyo tunayoiita injini kunoki. Gharama ya kuziba gasketi na gharama ya beringi haziko karibu hata kidogo.

Anza na oili. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, subiri dakika tano, futa kijiti, kirudishe, kisha ukisome. Injini yako huchukua takriban lita tatu tu za oili, kwa hiyo ikipungua lita moja umepoteza theluthi nzima, na pampu inaweza kuanza kunyonya hewa kwenye kona za barabara.

Kisha nijibu maswali haya. Sauti inaanza sekunde ya kwanza asubuhi, au baada ya injini kupata moto? Inazidi, inapungua au inabaki vilevile baada ya robo saa? Ukikanyaga mafuta taratibu, inaenda haraka pamoja na injini? Inatoka juu, ubavuni au chini?

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalitumii, nalo ni kasi ya sauti yenyewe. Kamshafti, ile inayosukuma tapeti, huzunguka mara moja wakati krenki shafti, ile inayozungushwa na pistoni, inazunguka mara mbili. Ikiwa sailensa yako ni mizunguko 800 kwa dakika, kamshafti inazunguka mara 400, na valvu moja iliyolegea itagonga mara sita au saba kwa sekunde. Kitu kinachogonga kwa kila mzunguko wa krenki shafti, kama beringi ya konrodi, kitagonga mara kumi na tatu. Sikio haliwezi kuhesabu haraka kiasi hicho, lakini rekodi kwa simu sekunde kumi, kisha icheze kwa kasi ya nusu au robo na uhesabu. Ubora wa sauti nao una maana: tapeti hutoa sauti kavu na nyepesi, konrodi hutoa kishindo kizito, kama nyundo juu ya gogo, na huzidi ukitia mzigo kwenye mlima.

Kwa kutafuta mahali, chukua bisibisi ndefu ya chuma, weka ncha kwenye sehemu unayoichunguza na mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Kama huna, kipande cha mpira wa maji wa mita moja kinafaa sana kwa kutafuta hewa inayovuja, kwa sababu kinasikia hewa na hakisikii chuma. Tafadhali kunja mikono ya shati, ondoa tai, na usisogee karibu na mikanda. Feni ya gari lako ni ya umeme na inaweza kuanza yenyewe bila taarifa.

Mkazi wa Kigamboni

Kaka, kwa uzoefu wangu usijisumbue. Carina yangu ilikuwa na sauti hiyohiyo, nikaacha oili nyepesi niliyokuwa nikitumia, nikaweka 20W-50 pamoja na kopo la dawa ya kuongeza uzito, na kelele ikanyamaza siku ileile. Nilitembea nayo miezi minane. Hapa Dar kuna joto, oili nyepesi haifai kwa injini za zamani.

Fundi wa Shauri Moyo

Ndugu yangu wa Kigamboni, ninaheshimu uzoefu wako, na kuhusu joto uko sahihi kwa sehemu kubwa. Namba ya kwanza kwenye kopo, ile yenye herufi W, inahusu oili ikiwa baridi, na asubuhi zetu za Julai hazina baridi ya kuigandisha oili yoyote. Sina ugomvi na 20W-50 katika injini iliyochoka ya hapa mjini. Ugomvi wangu ni kuitumia kama tiba ya sauti ambayo haijajulikana inatoka wapi.

Tapeti za 5A-FE, na za injini ya Carina yako kama ni ya jamii hiyohiyo ya A, si za kujazwa oili. Ni kikombe cha chuma, na juu yake kuna kisahani kidogo cha chuma kigumu tunachokiita shimu. Kati ya shimu na kamshafti lazima pawe na uwazi maalumu, na uwazi huo ukizidi, oili nzito haiupunguzi hata kidogo. Inachofanya ni kuweka mto mnene zaidi kati ya vyuma viwili ili vigongane bila kusikika. Kwa injini zenye tapeti za haidroliki mambo ni tofauti, kwa sababu zile hujaa oili ndani na zinaweza kunyamaza kweli oili ikibadilishwa, hasa kama njia zake zilikuwa zimeziba kwa uchafu.

Na kama sauti ni ya beringi, oili nzito itakuficha dalili mpaka siku konrodi itakapotoboa ubavu wa injini. Nimeziona injini za namna hiyo zikiletwa kwa kuvutwa, na wenye nazo wote walisema ilikuwa imenyamaza.

Mwanzisha uzi, wakati unatafuta majibu, tafuta pia fundi mwenye geji ya presha ya oili. Swichi ya oili inafunguliwa, geji inafungwa mahali pake, injini ikiwa imepata moto. Kwa injini yako, kwenye sailensa presha isipungue kilo 0.3 kwa sentimita ya mraba, na kwenye mizunguko 3,000 iwe kati ya kilo 2.5 na 5. Taa ya dashibodi haitoshi kukuhakikishia, kwa sababu huwaka pale tu presha inapokuwa imeshuka karibu na sifuri.

Mkazi wa Segerea

Ahsante sana, fundi. Nimefanya kama ulivyoelekeza, na ninaleta matokeo.

Oili ipo kwenye alama ya juu, rangi yake ni ya kahawia, haina chembe za kung'aa. Asubuhi saa kumi na moja na nusu, kabla majirani hawajaamka na mtaa ukiwa kimya, nilifungua boneti, nikamwomba mke wangu awashe, nami nikasimama mbele. Nilichokisikia kimenishangaza: sauti ni mbili. Moja ni kali, ina kama pumzi ya hewa ndani yake, inaenda "chk-chk", na inatoka upande wa ekzosi. Baada ya dakika nane hivi ilipungua, na ilipofika dakika ya kumi na mbili ilikuwa imekwisha kabisa. Nyingine ni ile ya kucha juu ya sufuria. Hiyo ilikuwepo tangu mwanzo lakini ilifunikwa na ya kwanza, na injini ilipopata moto ikabaki peke yake.

Niliirekodi hiyo ya pili na kuicheza kwa kasi ya robo. Nimehesabu mara tatu nikapata kati ya sita na saba kwa sekunde, ingawa kuna pigo jingine dogo linaloingia katikati. Bisibisi ilinipa sauti kubwa zaidi juu ya valvu kava (kifuniko cha juu cha injini), upande wa silinda ya kwanza. Nilipoigusisha kwenye sampu sikusikia kishindo chochote, ni mvumo tu.

Geji ya presha nimepata kwa fundi mmoja wa Ilala: kilo 1.1 kwenye sailensa na 3.2 kwenye mizunguko 3,000, injini ikiwa ya moto.

Dada wa Mbezi

Naomba niongeze jambo kwa ajili ya wengine wanaosoma. Mimi nina Toyota IST, na mwaka juzi nililipa gharama ya kufunguliwa valvu kava kwa sababu ya sauti ya "tiki tiki" ya haraka sana. Walifungua, wakafunga, sauti ikabaki palepale. Baadaye fundi mwingine aliweka bisibisi kwenye kila nozeli na kunipa mpini nisikilize mwenyewe. Zote nne zilikuwa zikitoa sauti inayofanana, kwa mpangilio uleule. Aliniambia kwamba nozeli ni vali ndogo ya umeme inayofunguka na kufunga, na kwamba kama zote nne zinalia sawasawa basi hiyo ni sauti ya afya. Ya kutilia shaka ni ile inayolia tofauti na wenzake. Kwa hiyo kaka, kabla hujafungua, sikiliza nozeli zako nne pia.

Mkazi wa Segerea

Dada, nashukuru. Nimezisikiliza jioni hii, zinafanana.

Fundi wa Shauri Moyo

Vizuri sana, na ushauri wa dada ni wa kweli. Kwa presha hiyo, mkuu, achana na habari ya injini ya mtumba. Kuhakikisha zaidi, injini ikiwa kwenye sailensa chomoa soketi ya nozeli moja kwa wakati, kisha irudishe. Silinda ile itakosa mafuta na pistoni itakosa mzigo. Kama sauti ingekuwa ya konrodi, ingebadilika au kupungua sana kwenye silinda husika, lakini ya tapeti itaendelea vilevile. Ninapendelea soketi ya nozeli kuliko kuchomoa waya wa plagi, maana waya huo unakupiga umeme na petroli isiyoungua inakwenda kuchoma masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi.

Sauti ya kwanza, ile inayokwisha baada ya dakika kumi na mbili, ni ya manifodi karibu kwa hakika. Chuma kikiwa baridi kinaacha mwanya kwenye gasketi, na kila silinda inapotoa moshi, hewa inachomoka kwa kishindo kidogo kinachofanana na kugonga. Chuma kikipata moto kinatanuka na mwanya unajifunga. Toa kinga ya joto iliyo juu ya manifodi, uangalie kwa tochi. Utaona masizi meusi mahali hewa inapotokea, na usishangae kukuta stadi (bolti ya kushikia manifodi) moja imekatika au nati imelegea. Usiiache eti kwa sababu inakwisha yenyewe. Moshi unaovuja ndani ya boneti unaweza kuingia ndani ya gari, na mnakaa foleni na watoto.

Sauti ya pili inahitaji fila, vile vibati vyembamba vya kupimia uwazi. Usiku usiwashe gari kabisa, kwa sababu vipimo vya tapeti za injini hii huchukuliwa ikiwa baridi, yaani imelala. Valvu za kuingiza ziwe na uwazi wa milimita 0.15 hadi 0.25, na za ekzosi 0.25 hadi 0.35. Fundi azungushe krenki shafti kwa spana ya bolti ya puli, kuelekea upande inakozunguka injini, mpaka pistoni ya kwanza ifike juu kwenye mgandamizo. Tapeti za silinda ya kwanza ziwe huru na za silinda ya nne ziwe zimebanwa. Hapo apime za kuingiza za silinda ya kwanza na ya pili, na za ekzosi za silinda ya kwanza na ya tatu. Kisha azungushe mzunguko mmoja kamili na kupima zilizobaki. Andikeni kila namba kwenye karatasi, zote kumi na sita, hata zile zilizo sawa. Fundi asiyeandika atarudia kufungua.

Mkazi wa Segerea

Jumamosi tumefanya kazi tangu saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, nyumbani kwangu, chini ya mwembe. Fundi niliyempata ni kijana mtulivu aliyekuja na fila, maikromita ya kupimia unene na sumaku ndogo ya kunasia vyuma, na tangu nilipoona maikromita niliamini kwamba nimepata mtu.

Tulianza na manifodi. Kinga ya joto ilipotoka tukakuta nati mbili zimelegea kiasi cha kuzungushwa kwa vidole, na gasketi imeungua ukingoni mwa silinda ya tatu, pakiwa na masizi yaliyosambaa juu ya hedi (kichwa cha injini) kama ukindu ulioungua. Stadi zote zilikuwa nzima. Gasketi mpya ilikuwa imenunuliwa kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani siku moja kabla.

Kisha valvu kava. Sikuwahi kuona ndani ya injini hii kwa miaka tisa, na kuona kamshafti mbili zikiwa zimelala kwenye oili safi, bila tope jeusi, kulinipa faraja kubwa. Fundi alinionesha namna ya kuhisi fila: isipite bure kama kwenye hewa, wala isikwame, iburuzike kwa ukinzani mdogo, kama kuvuta karatasi chini ya kitabu. Aliniachia nipime mwenyewe valvu mbili, naye akarudia, na namba zetu zikalingana.

Kati ya valvu 16, kumi na mbili zilikuwa ndani ya kipimo. Nne hazikuwa. Valvu moja ya ekzosi ya silinda ya kwanza ilikuwa na milimita 0.46, moja ya kuingiza ya silinda ya tatu 0.31, na moja ya ekzosi ya silinda ya nne 0.43. Hizo tatu ndizo zilizokuwa zikipiga kelele, na nadhani ndiyo maana nilisikia pigo jingine dogo katikati. Ya nne ndiyo iliyonishtua, kwa sababu haikuwa na kelele yoyote: ekzosi ya silinda ya pili, milimita 0.16 tu, yaani imebana. Naomba wenye ujuzi wanieleze, je, iliyobana nayo ni tatizo, au ni bora kwa kuwa iko kimya?

Mzee wa Karakana

Mwanangu, mimi nimestaafu baada ya miaka mingi katika karakana ya mabasi, na mara nyingi husoma tu bila kuandika, ila swali hili siwezi kuliacha. Katika valvu zako nne, hiyo iliyo kimya ndiyo iliyokuwa hatari kuliko zote.

Valvu ya ekzosi hupitiwa na moshi wenye moto mkali sana, na njia yake kuu ya kupoa ni pale inapokaa kwenye kiti chake ikafunga sawasawa, joto likahamia kwenye hedi na maji. Kila mwaka unaopita, valvu na kiti vinalika kidogo, valvu inapanda juu kuelekea kwenye kamshafti, na uwazi unapungua. Injini ikipata moto, shina la valvu nalo linarefuka. Uwazi ukiisha kabisa, valvu haikai tena kwenye kiti. Inabaki imefunguka kwa unene wa unywele, moto unapita pembeni, na ukingo wake unaungua mpaka unapata pengo. Utaona gari linatetema, silinda moja haina mgandamizo, na hapo hedi lazima ishuke. Haya yote hutokea bila sauti hata moja ya kukuonya.

Vijana wengi huniuliza kwa nini injini ya jirani haina kelele na bado iliungua valvu. Tulikuwa na utaratibu wa kupima tapeti za mabasi kwa kalenda, si kwa sikio, na sababu ilikuwa hiyo.

Milimita 0.16 mahali panapotakiwa angalau 0.25 bado hujachelewa. Pimeni mgandamizo wa silinda zote nne mkishamaliza, mhakikishe ya pili haijapungua kuliko wenzake.

Mkazi wa Segerea

Shikamoo mzee wangu, na ahsante. Kama kelele isingekuwepo kwenye hizo tatu, hii moja nisingeijua kamwe.

Ninaeleza tulivyozirekebisha, kwa faida ya atakayekutana na injini hii. Hesabu ni rahisi: unachukua unene wa shimu iliyopo, unaongeza uwazi uliopima, unatoa uwazi unaotakiwa, ambao fundi alichukua wa katikati, yaani 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.30 kwa za ekzosi. Shimu zinatengenezwa kwa hatua za milimita 0.05, kwa hiyo unachagua iliyo karibu.

Ekzosi ya silinda ya pili ilikuwa na shimu ya 3.00. Jumlisha 0.16, toa 0.30, unapata 2.86, kwa hiyo ilihitaji ya 2.85. Ekzosi ya silinda ya nne ilikuwa na 2.85. Jumlisha 0.43, toa 0.30, unapata 2.98, kwa hiyo ilihitaji ya 3.00. Fundi aliangalia karatasi kwa muda, akacheka, akaniambia hizi mbili zinabadilishana tu. Moja ilikuwa nene kupita kiasi na nyingine nyembamba kwa kiasi kilekile. Tulizonunua ni shimu mbili pekee za 2.90, moja ya ekzosi ya kwanza iliyokuwa na 2.75, na moja ya kuingiza ya silinda ya tatu iliyokuwa na 2.80. Nilizifuata mwenyewe Gerezani kwa bodaboda huku injini ikiwa imefunikwa kwa kitambaa safi.

Duka la kwanza halikuwa nazo, na kijana aliyekuwa pale alijitolea kunisagia shimu nene kwa jiwe mpaka ifike 2.90. Nilimpigia fundi simu, akakataa kabisa, akisema uso wa shimu umefanywa mgumu juu tu, ukishasagwa kamshafti itaula kwa muda mfupi na hapo ndipo nitanunua kamshafti. Duka la tatu walikuwa na shimu zilizotolewa kwenye hedi za mtumba, tukazipima kwa maikromita kwa sababu namba zilizochapwa zilikuwa zimefutika, na mbili zikasoma 2.90 kamili, uso wake ukiwa laini bila mikwaruzo.

Kazi ya kuzitoa ilihitaji kifaa cha kubonyeza kikombe chini, kisha shimu inanyanyuliwa kwa bisibisi nyembamba na kunaswa kwa sumaku. Kabla ya hapo fundi alijaza matundu ya kurudisha oili kwa vitambaa, akaniambia shimu ikidondokea humo siku yetu itaharibika. Baada ya kufunga alizungusha injini kwa mkono mizunguko kadhaa na kupima zote nne upya: 0.31, 0.21, 0.31 na 0.28.

Mwenye Noah

Wakuu, samahani kwa kuingilia. Je, utaratibu huu unafaa kwa Noah yangu yenye injini ya 3S-FE na kwa IST ya mke wangu?

Fundi wa Shauri Moyo

Karibu. Kwa 3S-FE ndiyo, nayo ina shimu, ila chukua vipimo vyake kutoka kwenye kitabu chake. Kwa IST yenye 1NZ-FE hakuna shimu kabisa. Kikombe chenyewe hutengenezwa kwa unene tofauti, kwa hiyo kukibadilisha lazima kamshafti ziondolewe, na kazi hiyo isifanywe na mtu anayejifunza.

Mwanzisha uzi, mmefanya kazi ya kupendeza. Niambie tu kwamba hamkumwaga silikoni nyingi kwenye valvu kava. Inatakiwa kidogo sana kwenye kona tu, maana inayozidi hukatika, hushuka kwenye sampu na kuziba chujio la pampu ya oili.

Mkazi wa Segerea

Hapana fundi, gasketi ni mpya pamoja na sili za matundu ya plagi, na silikoni iliwekwa kwenye kona tu.

Leo ni siku ya tisa. Asubuhi ya kwanza niliamka tena saa kumi na moja na nusu, nikafungua boneti, mke wangu akawasha. Kishindo cha manifodi hakipo tangu sekunde ya kwanza. Sauti ya kucha haipo. Nimebaki na nozeli, na nyuma yake mnong'ono wa tapeti unaolingana, ambao fundi aliniambia niufurahie kwa sababu ni uwazi uliopo mahali pake. Mgandamizo tulipima Jumatatu: silinda ya pili iko chini kidogo kuliko wenzake, tofauti ndogo ambayo fundi hakuiona kuwa na madhara, lakini nimeandika namba zote nne kwenye daftari la gari, tutapima tena baada ya kilomita 10,000.

Jana jioni nilipita foleni ya Buguruni. Nilishusha kioo, nikasogea karibu na lori, nikasikiliza. Niliisikia injini ya lori peke yake.

Mkazi wa Kigamboni

Kaka, hongera. Nimeisoma habari ya valvu iliyobana mara mbili. Fundi wa Shauri Moyo, Jumamosi hii upo? Naileta Carina ipimwe.

Fundi wa Shauri Moyo

Nipo, ndugu yangu. Ilete Ijumaa jioni ilale hapa, tuipime asubuhi ikiwa baridi.